Kabla Hujasaga Mbegu

Kila nikiandika kuhusu chakula, maswali yanayonirudia ni yale yale. Nile mbegu za maboga mbichi au zilizokaangwa? Ganda nilitoe? Ufuta uliokobolewa au wenye ganda? Mtoto wa miezi minane nimwekee kwenye uji? Na mara nyingi anayeuliza ameshanunua tayari: mfuko uko kabatini tangu mwezi uliopita, umefungwa fundo, na mwenyewe hajui aanzie wapi.

Nitajibu yote hapa, lakini sitaanza na orodha ya vitamini. Hiyo unaipata hata kwenye lebo ya kopo. Ninalotaka ulishike ni kwamba mbegu nzuri huharibikia mikononi mwetu. Ikianikwa vibaya huota ukungu. Ikiungua huwa chungu. Ikisagwa mapema huchacha. Nyingine ukizimeza nzima hutoka kama zilivyoingia. Faida zote unazosikia zikisifiwa hutegemea hatua hizo ndogo za jikoni, na ndizo tunazozirukaruka.

## Zipi za kuanza nazo

Mbegu za maboga ndizo ninazozipendekeza kwanza, kwa sababu ya wazi kabisa: ukinunua boga umeshazilipia, na bado watu wanazitupa pamoja na utumbo wake. Kiganja kimoja cha mbegu zilizomenywa, kama gramu 30, kina protini gramu 8 hadi 9, ambayo inazidi ya yai moja. Zina magnesiamu kwa wingi, chuma kiasi, na zinki zaidi ya miligramu 2, wakati mwanamume mzima huhitaji miligramu 11 kwa siku na mwanamke 8.

Ufuta husifiwa kwa kalsiamu, na hapa naomba tupunguze kasi. Ni kweli gramu 100 za ufuta wenye ganda zina kalsiamu inayokaribia miligramu 1,000, yaani mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima. Lakini nani anakula gramu 100 za ufuta kwa siku? Kijiko cha chakula ni gramu 9 hivi. Hapo umepata chini ya miligramu 90, na sehemu kubwa yake imeshikwa na tindikali iliyomo kwenye ganda, mwili hauipati kwa urahisi. Ule mweupe uliokobolewa una kalsiamu pungufu zaidi. Mwenye shida ya mifupa atangulize dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani, kisha ufuta uwe nyongeza. Uule kwa mafuta yake mazuri, kwa chuma na kwa ladha.

Alizeti ina vitamini E nyingi. Kiganja kimoja hukupa zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku. Alizeti nyingi ya Singida na Dodoma ni ya kukamua mafuta, mbegu ndogo nyeusi zenye kazi kumenya. Za kutafuna ni zile kubwa zenye mistari myeupe.

Kitani na chia zina nyuzinyuzi nyingi na omega-3 ya mimea. Ni nzuri, ila bei yake ni kubwa. Kama mfuko wako ni mdogo, usijinyime samaki ili ununue chia.

Uwatu, habasoda na mbegu za mlonge sizigusi leo. Watu huzitumia kama dawa kuliko chakula, na dawa ina masharti yake.

## Unapozinunua

Iwe Kariakoo, Darajani au Kongowea, muuzaji mwema hatakukatalia haya:

- Onja moja kabla ya kupima. Ikiacha ukali kooni, au ladha ya mafuta yaliyokaa, rudisha.
- Nusa mfuko ukifunguliwa, kabla haujapoa na hewa. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni dalili ya unyevu.
- Angalia rangi kwenye mwanga wa nje. Madoa meusi au vumbi la kijani na kijivu ni ukungu.
- Sugua kidogo kiganjani. Mchanga utauhisi.
- Uliza zilianikwa wapi. Nyingi huanikwa kando ya barabara, juu ya lami, zikipokea moshi na vumbi la magari siku nzima.

Mbegu ya boga ikiwa chungu, iteme na usiendelee, hata kama mwenzako anakwambia uchungu ndio dawa. Jamii ya maboga ina sumu ya asili inayojitambulisha kwa uchungu, na huharisha na kutapisha vibaya.

### Mbili zisizoliwa, bila mjadala

Ya kwanza ni mbegu za kupanda. Mbegu za pakiti zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo, zenye rangi ya waridi, kijani au buluu, zimepakwa dawa ya wadudu na kuvu. Kuziosha hakuondoi dawa hiyo, wala kukaanga. Zilizobaki baada ya msimu zifungwe na kuwekwa mbali na jiko na mbali na watoto. Usizirudishe kwenye debe la chakula, wala usimpe jirani bila kumwambia.

Ya pili ni nyonyo na mbono. Mbegu zake zinapendeza macho, watoto huzichezea na wakati mwingine huzitafuna. Nyonyo ina sumu kali sana. Mtoto akitafuna, mpeleke hospitali hapo hapo hata kama bado anacheka, na uende na mbegu yenyewe au ganda lake ili daktari aione.

## Sumukuvu: tishio lisiloonekana

Mwaka 2004 Kenya ilipoteza watu 125 katika mlipuko wa sumukuvu, hasa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata vifo Dodoma na Manyara. Chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu wanaotoa sumu hiyo huota pia kwenye karanga, ufuta, alizeti na mbegu za maboga zisipokauka sawasawa. Sumu yenyewe haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, huliharibu ini na huweza kuleta saratani yake.

Kwa hiyo ukifungua mfuko ukakuta ukungu umeenea, usikae kuchambua nzuri ukabakiza. Tupa wote. Najua inauma, hasa kama ulizinunua kwa bei kubwa. Na usiwamwagie kuku. Sumu huwadhuru na wao.

Kinga yake ni kukausha, na hilo tunaliona sasa hivi.

## Kutoka kwenye boga hadi kwenye kopo

Chagua boga lililokomaa: ganda gumu lisiloingia ukucha, kikonyo kimekauka. Boga changa lina mbegu bapa zisizo na kitu ndani.

1. Kata na kung'oa. Tumia kijiko kukwangua. Usingoje mpaka kesho. Nyuzi zikikauka juu ya mbegu hazitoki tena.
2. Loweka kwenye maji ya kawaida saa mbili au tatu. Utelezi utalegea. Sugua kwa viganja viwili, suuza mara kadhaa mpaka mbegu ziache kuteleza. Hatua hii ndiyo inayofupishwa zaidi. Utelezi ukibaki, mbegu hugandana, na ukungu huanzia hapo.
3. Loweka kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji kinatosha. Mbegu zina fitati, ambayo hushika zinki na chuma mwili usivipate. Kuloweka na baadaye kukaanga hupunguza sehemu yake. Chumvi ni kwa ladha tu. Mwenye presha aiache.
4. Chuja na anika siku hiyo hiyo. Tandaza tabaka moja kwenye ungo, mkeka safi au wavu ulioinuliwa kutoka chini, ufunike kwa kitambaa chepesi cha neti kwa ajili ya nzi. Geuza mara mbili tatu kwa siku. Jioni ingiza ndani, maana umande hurudisha unyevu wote uliotoka mchana.
5. Pima ukavu. Chukua mbegu moja uivunje kwa vidole. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikijipinda, rudisha juani. Jua kali huchukua siku mbili hivi. Msimu wa mawingu huchukua zaidi, na hapo ni heri uzikaange moja kwa moja kwa moto mdogo kuliko kuziacha na unyevu.

Ganda je? Mtu mzima mwenye meno mazuri anaweza kutafuna mbegu ya boga na ganda lake baada ya kukaangwa, na atapata nyuzinyuzi zaidi. Ganda la alizeti usilimeze. Madaktari wamewahi kuwahudumia watoto waliofunga choo kabisa baada ya kumeza maganda mengi ya alizeti. Kwa uji, kwa watoto na kwa wazee, menya.

Kumenya kwa ukucha moja moja kunachosha, nakubali. Mbegu zikiwa kavu kabisa na kukaangwa kidogo, zitandaze kwenye kitambaa kizito, funika, uzipitishie chupa kwa kuikandamiza na kuiviringisha taratibu mpaka maganda yapasuke. Halafu pepeta kwa ungo. Zitakazobaki na ganda ni chache, hizo ndizo za ukucha.

## Kukaanga bila kuunguza

"Lakini si nasikia moto unaua virutubisho?" Moto hupunguza baadhi ya vitamini, na ukizidi huharibu mafuta ya mbegu. Madini hayaungui: chuma, zinki na magnesiamu hubaki pale pale. Kukaanga kwa moto mdogo huua vijidudu vingi vilivyoletwa na mikono na vumbi la soko, na mbegu inasagika vizuri, na inalika. Chakula kinacholika ndicho kinacholisha, kwa hiyo mimi nakaanga.

- Tumia kikaango kizito au chungu. Sufuria nyembamba ya alumini huunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi.
- Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yaanze kuvaa majivu. Moto wa kuchemshia maji ya ugali si moto wa mbegu.
- Usiweke mafuta. Mbegu ina mafuta yake.
- Weka tabaka moja tu. Ukijaza, za chini zitaungua za juu zikiwa baridi.
- Koroga muda wote, bila kwenda kupokea simu.

Mbegu za maboga zenye ganda huchukua dakika 10 hadi 15. Zikiiva huvimba katikati na kuanza kupasuka kwa milio midogo. Zilizomenywa huchukua dakika 5 au 6. Kwa oveni, nyuzi joto 150 kwa dakika 20 hivi, ukizigeuza katikati. Ziondoe zikiwa zimebadilika rangi kidogo tu, uzimimine mara moja kwenye sinia, maana kikaango huendelea kuzikaanga hata kikishatoka motoni. Zilizokuwa kahawia ya kiza na chungu usizile kwa kuogopa hasara.

## Ufuta na mchanga wake

Ufuta hupurwa shambani, chini, na mchanga huja nao mpaka jikoni. Kuupepeta hakutoshi, kwa sababu punje ya ufuta na punje ya mchanga hukaribiana kwa ukubwa. Dawa yake ni maji. Weka ufuta kwenye bakuli pana, ujaze maji, koroga kwa mkono ukiuzungusha, uache uhesabu mpaka tano. Mchanga hutangulia chini. Mimina maji pamoja na ufuta unaoelea katikati kwenye kichujio chenye matundu madogo au kitambaa, uache kijiko cha mwisho kilichobaki chini ya bakuli. Rudia mpaka kile kinachobaki chini kikose chembe unazozisikia ukipitisha kidole. Usione uchungu kumwaga ufuta kidogo wa mwisho. Huo ndio uliojaa mchanga.

Uchuje, uanike mpaka ukauke, ndipo ukaange. Dakika 5 hadi 8 zinatosha. Ukianza kurukaruka na harufu kujaa jikoni, chukua punje chache uzisugue kati ya vidole: zikivunjika na kuacha mafuta, toa.

Huko Lindi na Mtwara, unakolimwa kwa wingi, ufuta mwingi huenda kuuzwa nje, nasi tunaubakiza kwa kashata na kwa kupamba mkate. Kashata ni tamu, lakini nusu yake ni sukari. Nashauri uutumie kama chakula: nyunyizia wali, kachumbari, viazi vitamu vya kuchemsha. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda husaga ufuta pamoja na karanga wakapata odii, wakaunga nayo mboga. Hiyo ni njia bora kuliko kashata, na ufuta uliosagwa huutoa ubora wake vizuri zaidi kuliko ule unaomezwa mzima.

## Kitani na chia: wengi hukosea hapa

Kitani ukikimeza kizima, ganda lake laini hulipita tumbo bila kufunguka. Ni lazima usage. Lakini kikishasagwa, omega-3 yake huanza kuharibika kwa hewa, joto na mwanga. Saga kidogo cha wiki moja, weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga, ndani ya friji. Anza na kijiko kidogo kwa siku, upande taratibu hadi kijiko kimoja cha chakula. Anayeanza na vijiko vitatu tumbo litamjaa gesi, kisha atasema kitani hakimfai.

Chia hufyonza maji zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Usiilambe kavu ukafuatisha na maji. Mwaka 2014 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyefanya hivyo, mbegu zikavimba kooni na kuziba njia ya chakula mpaka zikahitaji kutolewa kwa vifaa. Namna ya kufanya:

1. Kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi moja ya maji, maziwa au juisi isiyotiwa sukari.
2. Koroga, subiri dakika 5, koroga tena. Usiporudia, hufanya mabonge.
3. Acha nusu saa au usiku kucha, ndipo unywe.

Anayetumia dawa za kila siku azipishe na vinywaji hivi kwa saa mbili hivi, kwa sababu nyuzinyuzi huchelewesha dawa kuingia mwilini.

## Kusaga, na tatizo la unga wa lishe

Kanuni ya kwanza ya kusaga: zipoe kabisa. Mbegu za moto hutoa mvuke ndani ya blenda, mvuke huwa unyevu, unyevu huwa ukungu. Ya pili: saga kidogo kidogo, upumzishe mashine. Ukiendelea kusaga unga hugeuka uji mzito wenye mafuta, nao ni mzuri kupaka kwenye mkate, ila si uliokuwa unautaka.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Mama anakusanya mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta na dagaa, anapeleka vyote mashineni na kusaga ndoo nzima ya kumtosha mtoto miezi mitatu. Nia ni njema kabisa. Matokeo yake ni haya:

- Mafuta ya karanga na mbegu huchacha kabla ya ndoo kufika nusu, na mtoto anaanza kuukataa uji. Mama anadhani mtoto hana hamu ya kula.
- Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri huzuia protini kumeng'enywa.
- Kitu kimoja kikiwa na ukungu, ndoo nzima imeharibika.
- Mtoto akipata mzio, hujui ni wa nini kati ya vitu kumi.

Fanya hivi. Saga nafaka moja au mbili, utunze peke yake. Saga mbegu kiasi cha wiki moja, kopo lake peke yake. Uji ukikaribia kuiva, ongeza kijiko kidogo kimoja cha unga wa mbegu kwa kila kikombe, koroga na uache uchemke dakika 3 hadi 5. Mtoto akizoea, viwili. Hii ni kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo, maziwa ya mama pekee. Na uji wa mbegu hauondoi haja ya yai, samaki, maharage, mboga na matunda.

Muda wa kutunza, kwa nyumba zetu za joto:

- Mbegu kavu zisizokaangwa, kwenye chombo kinachofunga sawasawa: miezi mitatu hadi sita.
- Zilizokaangwa: wiki mbili hadi nne.
- Unga wa mbegu, nje ya friji: wiki moja. Ndani ya friji: mwezi.

Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo si chombo. Usichote kwa kijiko chenye maji.

## Jikoni: majani ya maboga kwa mbegu zake

Hiki ndicho chakula ninachowashauri wanaosema mbegu haziwapandi. Chukua fungu kubwa la majani machanga ya maboga, nusu kikombe cha mbegu zilizomenywa, kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi na ndimu.

Kwanza nyuzi. Vunja ncha ya kikonyo, shika kiganda chake cha nje, vuta kuelekea kwenye jani. Nyuzi zitakuja zenyewe mpaka juu ya mishipa ya jani. Usipofanya hivyo mboga itakwaruza koo. Osha, katakata.

Kaanga mbegu kidogo, zipoe, saga au twanga kwenye kinu mpaka ziwe unga. Koroga unga huo kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya baridi. Ukiutia mkavu kwenye sufuria ya moto utafanya madonge. Bandika majani na maji kidogo, nyanya, kitunguu na chumvi, dakika 5. Mimina mchanganyiko wa mbegu, punguza moto, koroga mara kwa mara dakika 8 hadi 10. Mafuta yakianza kuonekana juu kama vidoa, imeiva. Epua, kamulia ndimu. Ndimu ina kazi: vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa.

Kongo nako mbegu za jamii ya maboga hutwangwa, zikaungwa viungo, zikafungwa kwenye majani na kupikwa, huitwa mbika. Anayeishi jirani na Mkongo amwombe amfundishe.

## Maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini

"Zinaongeza nguvu za kiume?" Zinki inahitajika kwa uzazi wa mwanamume, na asiyekula vizuri anaweza kuona nafuu kwa kula vizuri. Lakini tatizo hilo mara nyingi hutokana na kisukari, presha, pombe, sigara au msongo wa mawazo. Kopo la unga wa mbegu linalouzwa kwa bei ya kuku watatu haliponyi kisukari. Kapime.

"Na tezi dume?" Mkojo ukikatikakatika, ukiamka mara nyingi usiku au ukiona damu, nenda hospitali kwanza. Mbegu endelea kula kama chakula. Hatari iko kwa anayezitumia miezi huku ugonjwa ukikua.

"Zinatoa minyoo?" Wazee wetu walizitumia, na ninawaheshimu. Lakini dawa ya minyoo ya kituo cha afya ni ya bei nafuu na kipimo chake kinajulikana. Kwa mtoto, usibahatishe.

"Nakula kila siku, damu haipandi." Unazila na chai? Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa. Zisogeze saa moja mbele au nyuma ya chakula. Halafu fikiria kinachoitoa damu: safura, malaria, hedhi nyingi. Mwenye selimundu ana maelekezo yake mengine. Pima ujue chanzo.

"Zinanenepesha?" Gramu 100 zina kalori zinazokaribia 570, kwa hiyo ndiyo, zinaweza. Kiganja kimoja badala ya maandazi mawili ya saa nne ni sawa. Kiganja hicho pamoja na maandazi ni kitambi.

"Nina kisukari, niache dawa?" Hapana. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula, hazichukui nafasi ya dawa. Na mbegu za kununua zilizojaa chumvi si rafiki wa mwenye presha.

## Wanaopaswa kuwa waangalifu

- Watoto chini ya miaka mitano: wasipewe mbegu nzima wala karanga nzima. Zinapalia. Wape zilizosagwa ndani ya chakula.
- Wagonjwa wa figo: mbegu zina fosforasi na potasiamu nyingi. Ongea na daktari kabla, hasa anayesafishwa damu kwa mashine.
- Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu au wanaosubiri upasuaji: wamwulize daktari kuhusu kitani na chia kabla ya kuanza.
- Wenye shida ya kumeza au waliowahi kufunga utumbo: waiache chia mpaka washauriane na daktari.
- Wenye mzio: ufuta huleta mzio mkali kwa baadhi ya watu, kiasi kwamba Marekani tangu Januari 2023 inalazimisha utajwe kwenye lebo za vyakula pamoja na karanga, maziwa na mayai. Unapomwonjesha mtoto mbegu kwa mara ya kwanza, mpe aina moja, ncha ya kijiko, asubuhi, si usiku mkiwa mnaenda kulala. Kaa naye saa mbili. Vipele vichache vikitokea, usirudie mpaka umwone daktari. Midomo au ulimi ukivimba, akianza kukohoa, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida, usimpe maziwa wala mkaa wa kusaga. Mpeleke hospitali papo hapo.